Mkia wa 504 Uliokataa Kushuka

Wenzangu, kabla hamjalisikia jambo hili kutoka kwa mdogo wangu Faustin (na najua ameshalisambaza, maana juzi mtu nisiyemjua aliniuliza sokoni kama nimeshapata viatu vingine), acheni niwasimulie mwenyewe jinsi nilivyojiaibisha mbele ya ukoo mzima wa watu kwa sababu ya vyuma viwili vya nyuma ya gari. Simlaumu mtu yeyote. Nilionywa, nikaonywa tena, nikafanya.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 nyeupe aliyotuachia marehemu papa, yaani baba yetu, nayo ni mzee mwenye heshima zake, na hapa Kisangani zimebaki za kuhesabu, kwa hiyo nikipita nalo watu wazima hugeuza shingo, nami huwa najifanya sioni. Lakini lilikuwa na ugonjwa. Amortisere za nyuma (nasikia kwingine mnaziita shokapu) zilikuwa zimekufa, zimelia mafuta yake yote mpaka zikakauka, na zile springi, ambazo mafundi wetu huziita ressort, nazo zilikuwa zimechoka kwa umri, basi gari likawa limekaa mkia chini pua juu, kama kuku anayeatamia, na ukilipitisha kwenye shimo moja linaendelea kuruka mpaka shimo linalofuata. Vijana wa toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, walikuwa wakiniona tu wananiita yaya, yaani kaka mkubwa, kisha wanaanza.

"Yaya Kasongo, gari yako inachutama. Iko na tumbo?"

Nilikuwa nacheka nao, lakini iliniuma, siwafichi.

Sasa ndipo likaja suala la mahari. Faustin alikuwa amemngoja Bijou miaka mpaka sisi wenyewe tukaanza kumhurumia, na familia ya Bijou ni watu wa mto, walitoka Isangi, siku hizi wanakaa kule njia ya kwenda Kapalata. Sisi asili yetu Maniema. Shangazi yake Bijou, Tante Ruphine, dada wa baba yake, alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba watu wa Maniema ni maneno mengi, vitu kidogo, na ndiye aliyeweka sharti: kila kilichoandikwa kwenye listi kifike siku moja, kikipungua hata kimoja tunarudi na vyetu na mazungumzo yanaanza upya. Faustin alinishika mkono akaniambia, "Yaya, kama tunaanza tena, Bijou ataolewa na mwingine, minakuambia." Na mimi, mkubwa wa nyumba, ndiye niliyechaguliwa kuwa msemaji wa familia, na gari langu ndilo la kubeba.

Nikajiambia, nitafikaje kwa wakwe na gari lililochutama?

Nikaenda kwa Papa Longin, fundi anayelitengeneza gari hili tangu enzi za papa. Alikuwa ameshanichagulia amortisere mbili za kawaida, nyeusi, nyembamba, zile zile za 504, hazina hata mvuto. Lakini kwenye duka la vipuri, rafu ya juu, mimi nilikuwa nimeona nyingine: nene, nyekundu, zimezungushiwa springi kwa nje, na muuzaji alikuwa ameniambia, "Na hii, papa, gari itasimama." Hilo neno "itasimama" ndilo lililonimaliza. Nikazinunua, nikampelekea Papa Longin.

Akazigeuza mikononi, akaziweka chini taratibu.

"Kasongo, sikiliza. Amortisere haibebake gari. Ressort njo inabebaka. Amortisere kazi yake ni kukataza gari kuruka. Sasa hii yenye ressort juu yake iko ya camionnette, gari ya muzigo, yenye kubeba simenti. Kama hauna muzigo ya camionnette, itakurusha sawa mbuzi."

"Papa Longin, mi nataka tu mukia ipande."

"Itapanda, mbona. Kushuka njo sijue."

Akazifunga. Alipomaliza, aliweka mikono miwili juu ya bampa ya nyuma akakandamiza kwa uzito wake wote, maana ndivyo mafundi wanavyopima: gari lishuke, lipande mara moja, litulie. Langu halikushuka hata upana wa kidole. Akaniangalia. Nami nikaangalia ule mkia uliopanda juu, nikaona fahari tupu. Akanifungia zile amortisere za zamani kwenye gazeti, akazisukumiza chini kabisa ya buti, chini ya tairi la akiba (alisema siku moja nitazililia), halafu akanionyesha ule ukanda wa mpira wa baiskeli ninaofungia buti, kwa sababu kufuli lake lilikwisha zamani.

"Na ile kaucho, usitoe."

Niliitoa asubuhi ya siku yenyewe. Jamani, gari la mahari lifungwe kwa mpira wa toleka?

Tukapakia. Chumvi, mchele, bidoni ya mafuta ya mawese, vitenge vya mama mkwe, taa, koti la baba mkwe na viatu vyake ndani ya boksi, vyote vimepandana mpaka kufunga buti ikabidi nilikalie. Mbuzi alitangulia kwa toleka pamoja na binamu yetu. Mbele tukakaa mimi na Faustin, ameshika listi kama mtu anayekwenda kufanya mtihani, na nyuma wakakaa mashangazi zetu wawili, Mama Feza na Mama Zawadi, na vilemba vyao vilivyojaza kioo chote cha nyuma, na kabla hatujatoka uani walikuwa wameshaanza kuimba.

Sasa barabara zetu mnazijua. Shimo la kwanza, gari halikushuka, liliruka. La pili, Mama Feza akagonga paa kwa kichwa, kilemba kikamwokoa. Nikasikia huko nyuma, pwa, kisha pwa, kisha pwa tena.

"Yaya, nini inapiga vile?" Faustin akauliza.

"Amortisere mpya," nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua. "Inazoeana na gari. Iko katika rodaje."

Na hapo ndipo watu wa barabarani walipoanza kutushangilia. Ndivyo nilivyoona mimi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chikwange, ile mikate ya muhogo ya kufungwa majani, alisimama akapunga mikono yote miwili, vijana wakapiga mayowe, mwanamume mmoja akatukimbilia kwa umbali mzuri tu akionyesha kwa kidole nyuma ya gari, nami nikamgeukia Faustin nikasema, unaona, wameona mkia. Nikapiga honi. Nikawapungia. Mashangazi wakatoa vitambaa dirishani wakawapungia pia, wakaongeza sauti ya wimbo, na kadiri tulivyokuwa tunapunga ndivyo watu walivyokuwa wanapiga kelele, na kadiri walivyopiga kelele ndivyo nilivyoongeza mwendo (ili tufike kwa kishindo, unaelewa), na kadiri nilivyoongeza mwendo ndivyo gari lilivyoruka. Gari likawa jepesi kabisa mikononi. Nikazisifu amortisere kimoyomoyo.

Tulipofika, familia yote ilikuwa nje. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo, anatafuna. Papa Lifoko, baba yake Bijou, mzee mpole aliyefanya kazi ya mashua maisha yake yote, alikuwa ameketi na miwani yake. Tante Ruphine alikuwa amesimama langoni, na hakutuangalia sisi. Alikuwa anaangalia magurudumu ya nyuma.

Hili nilikuja kuelezwa baadaye, na laiti ningelijua mapema: kwao mtoni, pirogi (mtumbwi) ya mahari ikionekana inakuja, wamama husimama ukingoni kuangalia maji yamefika wapi ubavuni mwake. Iliyozama sana imebeba. Inayoelea juu ni ya wasemaji. Kumbe ule mkia wangu wa zamani, ule wa kuchutama niliouonea aibu mwaka mzima, ndio ambao ungenipa heshima mbele ya yule mama.

"Pirogi iko juu," akasema, wala hakunisemesha mimi, aliwaambia wenzake. "Haina kitu."

Wamama wakaguna. Nikashuka, nikarekebisha koti, nikaanza hotuba yangu niliyoiandaa wiki nzima, yenye methali, yenye salamu za mababu, na nikaimalizia hivi:

"Tante, usiangalie inje. Angalia ndani. Siye batu ba Maniema hatufikake mikono mitupu."

"Bon," akasema. "Fungua."

Nikazunguka gari kwa hatua za mtu mkubwa, uso nimewaelekezea watu, nikanyoosha mkono kushika buti bila hata kuangalia. Mkono ukashika hewa. Buti lilikuwa wazi, kifuniko kimeelekea mbinguni, na ndani mlikuwa na tairi la akiba, jeki, na kifurushi kimoja cha gazeti.

Tante Ruphine akainama akakichomoa kile kifurushi, akakifungua mbele ya watu wote, akanyanyua amortisere moja kuukuu iliyojaa grisi, akaigeuza huku na huku.

"Hii iko kwa listi?"

Mashangazi zangu waliacha kuimba mmoja baada ya mwingine. Faustin alikuwa ameketi bado ndani ya gari, listi magotini, na uso wake sitausahau, maana hakuwa na hasira, alikuwa mtu aliyekwisha kukubali. Dirishani nikamwona Bijou amejifunika mdomo kwa kitenge. Nilitamani ardhi ipasuke, na kwa namna ile barabara ilivyo, isingekuwa kazi kubwa.

Ndipo tukasikia kengele ya baiskeli.

Mtu wa toleka, jasho limemlowesha, alisimama langoni na gunia letu la chumvi nyuma yake (Faustin anaapa kwamba gunia lile halikuanguka, liliruka lenyewe). "Ni hapa kwa gari nyeupe yenye kurukaka sawa mbuzi?" Kabla sijajibu, pikipiki ikaingia na bidoni ya mafuta. Akaja msichana wa shule na taa kichwani. Wakaja wawili na mchele. Akaja yule mwanamume aliyetukimbilia, sasa ana vitenge kwapani, na akaniuliza mbele ya wakwe zangu, kwa upole kabisa, "Papa, siye tunakulilia simama, simama, na weye unatupungia. Ilikuwa nini?"

Ua mzima ukacheka. Hata Papa Lifoko alivua miwani akafuta macho. Akamwita Faustin alete listi, wakaanza kuweka alama, kitu kimoja kimoja, kadiri vilivyokuwa vinaingia langoni, na kila aliyeleta alipewa kinywaji na kiti, mpaka ikawa sherehe kabla ya ruhusa ya sherehe. Mwisho akafika yule mama wa chikwange na koti la baba mkwe, na boksi la viatu lililopasuka.

Ndani mlikuwa na kiatu cha kushoto.

Tulingoja. Tulituma mtu arudi barabarani. Hakuna. Kicheko kikapungua, kikaisha, na Tante Ruphine akashika kile kiatu kwa vidole viwili.

"Kiatu moja haiko viatu. Tulisema byote, siku moja."

Na hakuwa anatania. Nikamwona Faustin ameinamisha kichwa, miaka yake yote ile ya kungoja imening'inia kwenye mguu wa kulia wa baba mkwe, na yote kwa sababu yaya yake alitaka mkia upande. Hapo hotuba ziliniisha. Nikakaa kwenye bampa (haikushuka), nikavua viatu vyangu, vyeusi, vya ngozi, vyenye ncha, nilivyovinunua makusudi kwa kuwa mimi ni msemaji, nikampelekea Papa Lifoko kwa mikono miwili.

"Papa, unisamehe. Kosa ni yangu, haiko ya mutoto."

Akavivaa. Akasimama, akatembea hatua tatu, akarudi.

"Ruphine," akasema, "hii inanikaa muzuri kupita ile."

Tante Ruphine akaangalia viatu, akaniangalia mimi, akaiangalia soksi yangu ya kulia, ambayo kidole gumba kilikuwa kimetoka nje kusikiliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. Akatia alama ya mwisho kwenye listi kwa mkono wake. Vigelegele vikapigwa. Hotuba ya kushukuru niliitoa nikiwa na soksi, na wanasema ndiyo fupi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Kesho yake nilirudi kwa Papa Longin. Alikuwa ameshaziweka mezani zile nyeusi nyembamba. Siku ya harusi gari liliwabeba Bijou, masanduku yake na Tante Ruphine mwenyewe, mkia chini kama zamani, ila sasa halirukiruki, na kabla ya kupanda Tante alikwenda nyuma akakandamiza bampa kwa mikono miwili. Likashuka, likapanda mara moja, likatulia. Akasema, "Leo pirogi iko na kitu," akafunga buti kwa ule mpira wa baiskeli, yeye mwenyewe.

Kiatu cha kulia hakijaonekana mpaka leo. Nami nimeapa mbele ya mke wangu kwamba fundi akiniambia nyeusi sitanunua nyekundu, na kwamba mkia wa gari langu utakaa pale uzee ulipouweka. Nikisahau, sina shida ya kukumbushwa, kwa sababu Papa Lifoko huvaa viatu vile kila Jumapili, na kila ninapoinama kumpa heshima yake ya mkwe, vya kwanza kupokea salamu ni viatu vyangu mwenyewe.