Mkaratusi wa Ndooni

Mimi na mama tunakaa Kinondo, katika nyumba yetu wenyewe juu ya ardhi ya mwenyewe. Kwetu Pwani hilo halimshangazi mtu: kuta zangu, mabati yangu, ardhi ya mwingine. Mwenye shamba ni mama mtu mzima, jirani yetu wa mlango kwa mlango, na siku aliponipa mahali pa kujenga aliniwekea sharti moja tu. "Panda mchicha, panda kunde, panda hata muhogo. Mti usinipandie."

Alikuwa na haki. Mti wa kudumu ni ushahidi. Zamani alimkaribisha mtu, mtu akachomeka mkorosho, na mkorosho ulipozaa akadai na ardhi iliyo chini yake. Wakafikishana mpaka kwa chifu. Tangu hapo mwanawe mkubwa, anayekaa Ukunda, kila akija huikagua miti ya shamba mmoja mmoja.

Sasa, mama yangu ana kifua. Kikoneni alikotoka alikuwa na mkaratusi nyuma ya nyumba; akibanwa alichemsha majani, akajifunika leso, akajifukiza mpaka akapumua. Nilipomleta kwangu alilalamikia kila kitu, lakini mti wake aliulilia. Kwa machozi, wallahi. Mimi machozi ya mama siyawezi. Nikatafuta mche, nikaupanda kwenye ndoo kuukuu ya rangi, nikaitoboa chini kwa msumari wa moto ili maji yasituame.

Mwenye shamba alikuja kuuangalia. "Maadamu uko ndooni," akasema, "hicho ni chombo chako, kama sufuria."

Miaka miwili niliukata kilele kila ulipojitia kurefuka, ukabaki kunifika kifuani, umejaa majani yake ya kijivu mwaka mzima. Niliupenda, sitaki kusema uongo. Niliutukana pia. "Mlafi wee!" nilikuwa nikiuambia, maana maji yetu ya kisima uliyanywa kutushinda sisi. Hata kiangazi kilipokausha mchicha wangu wote, mkaratusi haukunyauka jani. Nikajisifu kwa mama kwamba nina mkono wa kupanda. Kumbe!

Siku moja kabla ya Idi niliishika ndoo niisogeze, nifagie chini yake. Haikutikisika. Nikavuta, nikaivuta tena kwa matusi. Nikachimbua pembeni kwa kisu, nikaona mizizi imetoka kwenye matundu yale yale niliyoyatoboa mimi, minene kama kidole gumba, imeshuka ardhini moja kwa moja.

Yarabi! Nikarudisha mchanga haraka, nikaufagilia. Mama alikuwa ameketi mlangoni, ameona yote.

"Mficha uchi hazai," akaniambia. "Nenda ukamwambie."

"Atataka ukatwe, mama."

"Basi ukatwe." Akasema hivyo, kisha akakohoa mpaka akaushika mwimo wa mlango. Nilimwonea huruma, nikajichukia.

Nikachukua panga, nikaenda kwa jirani. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. "Na panga la nini asubuhi yote hii?" akaniuliza. Nikamweleza huku nalia, na huku namkasirikia, kana kwamba yeye ndiye aliyeitoboa ndoo. Nikamwambia kesho mwanao anakuja, mti huu ataukuta ardhini, atasema nimeanza yale ya mkorosho. Afadhali niukate leo, na mimi unibakishe.

Yeye akachukua birika lake la kutawadhia, akanifuata hadi uani kwetu. Akaanza kujuliana hali na mama: kifua, usingizi, miguu, kifua tena. Jamani, nami nimesimama na panga! Halafu akaniambia, "Ipasue ndoo."

Nikaipasua. Nikadhani sasa ni zamu ya shina, nikamwangalia mama, naye akatazama pembeni.

Mwenye shamba akapiga magoti, yale magoti yake mabovu yanayomfanya aswali akiwa kitini. Akasema, "Bismillahi." Akaukusanya udongo kwa mikono yake, akaushindilia shinani pande zote, akaumiminia maji ya birika yote. Kisha akaninyooshea mkono nimwinue, akaenda zake.

Kesho yake mwanawe alimaliza pilau, akazunguka shamba kama kawaida yake, mamake akimfuata nyuma. Alipofika uani kwetu akasimama.

"Mama, mti huu kaupanda nani?"

Mwenye shamba hasemi uongo, hata wa mzaha.

"Mimi," akamjibu. "Kwa mikono hii. Na atokee wa kuukata, nimwone."

Mwanawe akanitazama, akautazama mti, akaendelea kukagua minazi.

Mpaka leo mama akibanwa kifua, siendi mtini kwanza. Napiga hodi kwa jirani, naomba majani. Naye hukasirika kila mara.

"Mti ni wangu," hunifokea, "na mgonjwa ni mwenzangu. Chuma upesi!"