Jibu la Pili la Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kiburi chake ukikipima kwa futi ya kushonea, futi itakwisha. Kila Jumamosi hufungua gazeti moja kwa moja kwenye fumbo la jedwali, lile la kutafuta nani ana nini kwa kufuata vidokezo, akachora visanduku vyake kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Kama suruali yako imetandazwa hapo, shauri yako.

Fumbo hutungwa na mwalimu mstaafu wa hesabu anayekaa mtaa huohuo. Ndiye aliyemfundisha Shangazi. Siku moja darasani Shangazi aliuliza kama swali haliwezi kuwa na jibu la pili, naye mwalimu akamhamishia benchi la nyuma "mpaka akili ikukae." Akamalizia shule hukohuko. Miaka arobaini imepita na jambo hilo bado linamuuma, ingawa mwenyewe husema ameshasahau, na husema hivyo kila wiki.

Jumamosi moja fumbo lilihusu majirani watatu, kila mmoja na mnyama wake. Shangazi akapata kwamba kinyozi ana mbwa na mwokaji mikate ana paka. Wiki iliyofuata gazeti likatoa jibu: kinyume chake! Akavirudia vidokezo vyote vitano mara tatu, wateja wamesimama. Majibu yote mawili yalipita.

"Naenda kwake," akasema, futi ikining'inia shingoni. Nikamfuata, maana tamasha la bure halikataliwi.

"Shikamoo, mwalimu. Hili fumbo lina majibu mawili."

"Marahaba. Fumbo lina jibu moja, binti."

"Basi nionyeshe kidokezo kinacholikataa langu."

Mzee akavaa miwani. Akasoma cha kwanza mpaka cha tano, akarudi cha kwanza. Mara akang'aka: "Lakini kinyozi anaogopa mbwa!"

"Imeandikwa wapi?"

"Mtaa mzima unajua! Si juzi tu alipanda juu ya kiti, akamwacha mteja nusu kichwa?"

Kumbe mzee wa watu huokota wahusika wake mtaani, na jambo ambalo kila jirani analijua haoni haja ya kuliandika.

"Mwalimu," Shangazi akasema, "si wasomaji wako wote wanaonyolewa mtaa huu."

Nilijiandaa kucheka, lakini uso wa mzee ulinitia huruma. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Lako ni sahihi," akasema. "Na siku ile darasani, sikuwa na la kukujibu. Ndiyo maana nilikupeleka nyuma."

Shangazi, ambaye hana simile kwa mtu, aliaga kwa heshima. Njiani alilia waziwazi, kisha akanionya nisithubutu kumwambia mtu.

Siku hizi kila Alhamisi mwalimu huleta fumbo dukani kwa Shangazi kabla ya kulipeleka gazetini. Wiki iliyopita Shangazi alilipitia, akalitia msalaba mkubwa wa chaki nyekundu.

"Rudia," akamwambia.

Mzee akachukua karatasi yake, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, karibu na pasi.