Dinari Kwenye Pindo la Pazia

Mama anauza makoti ya mitumba sokoni Gikomba, na kabla koti halijatundikwa lazima mifuko ipekuliwe. Humo hutoka tiketi za treni, pipi zilizoganda, na sarafu za nchi ambazo hata hatuzijui. Kilichotoka mfukoni ni cha aliyepekua. Ndiyo sheria ya kibanda chetu, na Jumamosi hiyo Mama alibaki nyumbani kwa maumivu ya miguu, mpekuzi nikawa mimi.

Kwenye koti la kijivu nikakuta kibahasha kidogo kama cha vidonge. Ndani mlikuwa na sarafu ndogo kama ukucha wa kidole gumba, si duara kamili, yenye kichwa cha mwanamume wa pua ndefu aliyevaa shada la majani. Juu ya kibahasha mtu alikuwa ameandika kwa penseli maneno matatu, na moja nililielewa bila kamusi: Roma.

Nilichanganyikiwa kwa furaha. Nilikaa juu ya bale la makoti nikitafuta kwenye simu, wateja wakiuliza bei nami siwasikii. Picha baada ya picha, pua ile ile. Dinari. Neno nililolisikia kanisani tangu utotoni, nikidhani liliisha na watu wake, sasa liko kiganjani mwangu.

Sikungoja kesho. Nilimwachia jirani kibanda nikaenda kwa sonara Eastleigh. Akaiweka kwenye mizani, akaigusisha kwenye jiwe lake jeusi, akanitazama.

"Fedha safi, dada. Niyeyushe nikufanyie hereni?"

Nilimpokonya kabla hajawasha moto. Hadi nafika nyumbani, mtaa wa Jericho, nilikuwa nimeshaamua: mimi ni mkusanyaji wa sarafu za Kirumi. Ila sarafu moja ni bahati tu, hakuna aliyekusanya kitu hapo. Niliitaka ya pili kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Mama aliipokea kwa mkono wenye unga wa chapati, akaisogeza karibu na miwani.

"Hii? Nilikuwa na ingine kama hii. Niliiweka kwa pazia."

Mama hushona sarafu za kigeni ndani ya pindo la mapazia, kwenye pembe, ili yaning'inie vizuri na upepo usiyachezee. Sebuleni tuna mapazia manne, kila moja lina pembe mbili. Nikachukua wembe.

"Weka hiyo wembe chini," akasema. "Hizi pazia nilishona za Krismasi. Nitafumua mwenyewe. Wewe kaa."

Nikakaa. Alifumua polepole, uzi kwa uzi, mguu wangu ukigongagonga sakafu. Pembe ya kwanza, sarafu ya malkia. Ya pili, malkia tena. Ya tatu, kitu cha shaba chenye tai. Hadi ya sita nilikuwa namlaumu moyoni kwa kuwa na madirisha mengi. Ya saba ikatoa kitu chembamba, cheusi, kilichopinda ukingoni.

Ilikuwa yenyewe. Kichwa cha mwanamke safari hii, nywele zake zimesukwa na kufungwa kisogoni. Ilikuwa na matundu mawili, moja juu na moja chini, kama kifungo cha shati.

"Mama, umeitoboa." Nilikuwa na hasira hadi machozi yakanilenga. "Imekaa karibu miaka elfu mbili, wewe ukaitia msumari."

Aliinuka, akaenda dirishani, akaishika kwenye mwanga.

"Kuja uone. Hii shimo ya chini ndiyo yangu. Si unaona bado inang'aa? Hii ya juu niliipata nayo, imekuwa nyeusi mpaka ndani. Mimi niliongeza moja tu ndio isizunguke."

Nikaweka jicho. Tundu la juu lilikuwa laini, limelika upande mmoja pale uzi ulipovuta kwa miaka. Zamani sana mtu aliishika sarafu hii, akafikiria pa kuitoboa, akaitundika mahali. Hasira ikaniisha. Nikatamani kujua alikuwa nani na aliishonea wapi.

Mama alikuwa ameshatunga uzi kwenye sindano. Nikampa sarafu ya shilingi ishirini ikae pindoni badala ya dinari. Kabla ya kuanza kushona aliitazama ile dinari mara ya mwisho, akaguna.

"Huyo mwenzangu," akasema, "alikuwa na msumari mzuri kuliko wangu."