Alichokiona Irmtraud ndani ya Kofia ya Chuma

Kwa miaka thelathini na mmoja Irmtraud Hefele alikuwa akiyafuta vumbi mavazi ya chuma ya wapiganaji wa zamani katika ngome ya kale iliyogeuzwa makumbusho, na hakuwahi kuvaa hata glavu yake moja. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, kwa hiyo mikanda ya ngozi ikikatika, aliyeishona ni yeye. Kuzungumza na wageni ilikuwa kazi ya Roswitha, binti msomi kutoka mji wa Regensburg. Lakini Roswitha akaenda likizo ya uzazi, na Jumanne ile watoto kumi na wanne wa chekechea walikuwa wamekwisha kupanga mstari uani, wawili wawili, wameshikana mikono.

Irmtraud akawafundisha alivyojua yeye. Akawaachia washike vifungo na mikanda, akawasimulia jinsi wapanda farasi wawili walivyokimbiliana, huyu upande huu wa uzio wa mbao na yule upande wa pili, kila mmoja akitaka kuvunjia mkuki wake kwenye ngao ya mwenzake. Walitulia vizuri mpaka walipofika kwenye ile kofia kubwa ya chuma ya mashindano hayo, nzito kama sufuria la mgahawa, yenye ufa mmoja tu mwembamba.

Korbinian, wa miaka mitano, akaikagua kwa muda.

"Bibi Irmi, akimgonga mwenzake anaona nini?"

"Anamwona mwenzake."

"Anamwonea wapi? Ufa uko juu."

Irmtraud akatazama. Kila mwezi alipitisha brashi kwenye ufa ule, na kweli ulikuwa juu, unaelekea darini.

"Sijui," akasema. "Jumanne ijayo nitakwambia."

Swali lile likamganda. Stooni kulikuwa na kofia ya mfano iliyotengenezwa ili wageni wajaribu. Siku ya tatu, ngome ilipofungwa saa kumi na moja jioni, akaitoa, akachukua mpini wa ufagio, akaketi juu ya toroli la kubebea viti. Alikuwa ametundika gunia la majani makavu kwenye nguzo ya kisima. Akamwita Alois, mlinzi wa lango, aje amsukume.

"Irmi, una miaka hamsini na minane."

"Wewe sukuma tu."

Alipoivaa kofia na kukaa wima hakuona kitu. Akainama mbele, na gunia likamtokea kwenye ufa, gunia peke yake. Hakuiona ardhi wala mikono yake mwenyewe. Akalipiga. Lakini akajiuliza: je, mkuki ukipasuka, vipande vitaruka kwenda wapi? Akarudia. Safari hii, hatua chache kabla ya gunia, akainua kichwa. Giza. Akasikia pumzi zake tu, kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa, kisha kishindo kikampanda mpaka begani. Alois akamuuliza kama ameumia. Akamwambia amrudishe mwanzo, wapige tena.

Jumanne watoto walimkuta na maboksi kumi na manne aliyoyatoboa ufa. Wakayavaa, wakainama, wakainua vichwa, wakagongana na kuta.

"Kwa hiyo mwishoni haoni kitu," Korbinian akasema kutoka ndani ya boksi.

"Haoni. Analinda macho yake."

"Na farasi je?"

"Farasi naye walimfunika macho, asije akaogopa akakwepa."

Korbinian akalivua boksi. "Sasa nani alikuwa anaona?"

Aliyejibu ni Leni, mtoto ambaye asubuhi nzima hakuwa amefungua kinywa: "Wale waliokuja kutazama."

Roswitha alirudi mwaka uliofuata, lakini Jumanne zilibaki kuwa za Irmtraud. Siku hizi huazima vitabu maktaba ya mjini na kuvisoma akila chakula cha mchana, kalamu mkononi. Wiki iliyopita kikundi kipya kilitaka kujua mtu aliyefungwa ndani ya chuma akiwashwa pua hufanyaje. Hilo bado analitafuta.