Kona za Fishi za Mzee Kalenga

Ndugu zangu, msinionee huruma. Nilikosa, na sikukosa kwa bahati mbaya. Nilikuwa na akili zangu timamu na kravati shingoni. Najichukia mpaka leo.

Mimi ni mtu wa Likasi. Miaka ile kampuni yetu ya migodi ilipokuwa inaporomoka, nilikuwa analisti katika buro ya ordinateur, yaani ofisi ya kompyuta. Watu walidhani naandika programu. Wapi! Kazi yangu ilikuwa kwenda kwa wafanyakazi, kuwauliza kazi yao wanaifanyaje, kisha kuandika yote kwenye karatasi ili fundi wa programu asibahatishe. Kuuliza na kusikiliza, basi. Nami ikanishinda!

Chefu mpya akanituma depo ya unga, kwa kuwa alitaka ugawaji wake uingie kwenye ordinateur. Wakati ule mshahara hauonekani, na unga wa kampuni ndio ulioweka bukari, ugali wetu, mezani. Aliyeshika listi ya wanaopewa alikuwa Mzee Kalenga, karani wa siku nyingi. Alikuwa na fishi, karatasi ngumu moja kwa kila mfanyakazi, zimepangwa ndani ya sanduku la mbao. Nilipewa siku tatu nikae naye anieleze.

Sikukaa hata saa moja.

Kwa nini? Depo ilinuka samaki wakavu, na mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe. Sababu ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Haya, chekeni.

Nilipitisha macho kwenye fishi juu juu. Nyingine zilikuwa zimekunjwa kona. Niliziona! Nikasema moyoni, mzee huyu mchafu, hata karatasi hawezi kutunza.

"Ikala, mutoto yangu," Mzee aliniambia, akinifutia kiti kwa mkono wa shati lake. "Hii kazi iko na mambo mingi. Nitakuelezea polepole."

"Nitarudi kesho, Muzee."

Kesho gani! Siku zote tatu nilikuwa kwenye baa karibu na stesheni ya treni, bia mbele yangu, naandika maswali na majibu yake mimi mwenyewe. Swali: mtu asiyefika kazini mwezi mzima, anapewa unga? Jibu la Kalenga: hapana. Nani alimuuliza? Hakuna! Siku ya nne nikampelekea asaini. Miwani yake ilikuwa imevunjika.

"Weye njo ulisoma," akasema. "Kama ni weye umeandika, iko muzuri."

Akasaini pale nilipomwekea kidole. Kidole hiki hiki!

Mwezi uliofuata listi ilitoka kwenye ordinateur. Wanawake wakapanga mstari na mabeseni yao. Akafika mbele Mama Ngoie, ambaye mume wake alikuwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa wa kifua. Jina hakuna. Wa nyuma yake, hakuna. Mwingine tena, hakuna. Wote waume zao walikuwa wagonjwa.

Kumbe kila Jumatatu muuguzi alikuwa anapita depo kutaja waliolazwa, na Mzee anakunja kona ya fishi: huyu haji kazini, lakini unga wake utoke. Ndivyo kampuni ilivyofanya miaka yote. Hapakuwa na barua wala tangazo, palikuwa na kona zile tu, na Mzee aliyezijua.

Mama Ngoie hakumjua analisti. Alimjua yule aliyesimama mlangoni na listi.

"Kalenga! Unga ya batoto yangu uliuzisha wapi?" Akamtemea mate usoni. "Mwizi! Unakula mpaka bagonjwa!"

Mzee hakujipangusa. Alikuwa ameisogeza listi karibu kabisa na macho, anatafuta majina.

Chefu akatuita. Nikatoa karatasi yangu. "Ni yeye aliyesema hapana, chefu. Saini yake hii hapa." Nilisema hivyo, kwa ulimi wangu huu! Chefu akamgeukia Mzee: kama asiyefanya kazi hapewi, basi miezi yote hii unga uliotoka kwa majina ya wagonjwa ulikuwa unakwenda wapi?

Mzee aliniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Siku hiyohiyo akafukuzwa, na mtaani wakamwita mwizi wa unga.

Wiki kadhaa baadaye daktari aliandika barua kwamba waliolazwa wapewe unga wao. Wagonjwa wakarudishwa kwenye listi, programu ikarekebishwa kimya kimya. Jina la Mzee hakuna aliyelirekebisha. Na mume wa Mama Ngoie hakungoja barua. Alitoka hospitali akikohoa, akaenda kuchimba mawe ya madini ili watoto wapate kula. Alikufa kabla ya mvua kuisha.

Nilipomwambia mke wangu, hakupiga kelele. Alichukua kravati yangu akafungia mzigo wa kuni. "Sasa iko na kazi," akasema.

Mwaka uliofuata nilipanda baiskeli mpaka Buluo, ambako Mzee alikuwa analima mihogo. Hakunifukuza. Akanifutia kiti kwa mkono wa shati, kama siku ile.

"Fishi zilikunjwa kona. Uliona?"

"Niliona, Muzee."

"Sasa juu ya nini haukuniuliza?"

"Nilikuwa na haraka."

Haraka! Hata pale, mbele ya mtu niliyemharibia maisha, niliona aibu kutaja habari ya shati. Akanipa muhogo wa kuchemsha, na mimi nikaula. Puu! Mtu gani mimi?

Ninyi mnaotumwa kuuliza watu kazi zao, kaeni chini muulize. Panuke, pasinuke, kaeni! Mkiona kona imekunjwa, msijifanye mnajua. Na msimsainishe mtu kitu ambacho hakukisema.

Mzee amekwisha kuzikwa. Mama Ngoie anauza makala, makaa ya kupikia, sokoni, na mtu akitaja jina la Kalenga, bado anatema mate chini. Nimesimama mbele yake mara nyingi, nikanunua, nikanyamaza.

Mama, kama kuna mtu anakusomea haya, sikia: Kalenga hakula unga wa watoto wako. Aliyewafuta kwenye listi ni mimi. Mate yale yalikuwa yangu. Unanijua, Mama. Ni yule anayekuja kila Jumamosi kununua makala, na kabla hujampimia anakwambia uangalie, usimchafulie shati.