Chai ya Mwalimu Leokadia

Leokadia hakuwa mtu wa kusahau. Kwao Bukoba walimjua hivyo tangu usichana wake: ukimkosea Jumatatu atakusalimia vizuri tu, atakuuliza habari za mama, na kosa lako keshaliweka kiporo. Toronto haikumbadilisha. Baridi ya kule ilimchubua midomo na kumfundisha kuvaa soksi mbili mbili, lakini moyo wake ilishindwa kuupoza.

Alifika mwaka 2004, baada ya kufundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi. Cheti chake hakikutazamwa na mtu. Akawa anawaogesha wazee huko Markham, na jioni anasomea upya kazi ambayo tayari alikuwa anaijua. Mwishowe akapata nafasi katika shule ndogo ya lugha barabara ya Yonge, ghorofani, juu ya duka la miwani. Wanafunzi wake walikuwa Wajapani: makarani walioacha kazi, manesi, vijana waliokuja kuionja dunia kabla ya kurudi kwao kuoa. Mgeni aliwafundisha wageni Kiingereza, na mambo yalikwenda.

Mwanzoni watu wale hawakufungua mdomo mpaka wawe na hakika sentensi imenyooka. Leokadia akawaletea soko. Alipanga ndizi mezani, akashika kiuno, akataja bei ya kichaa, akagoma kupunguza hata senti mpaka wamgombeze kwa Kiingereza. Noriko, karani wa benki aliyekuwa akiuomba radhi hata mlango, siku moja alimwita mwizi. Darasa zima likapiga makofi, na Leokadia akafurahi siku nzima.

Mkuu wa shule ile aliitwa Shadrack, mtu wa Musoma, mdogo kwake kwa umri ila alimtangulia kufika Kanada. Kanisani walikaa benchi moja. Ndiyo maana jambo lenyewe lilimuuma vile. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ilikuwa mwaka 2009. Mawakala wa Osaka, wale waliokuwa wakiileta shuleni nusu ya wanafunzi, walikuwa wanakuja kuangalia masomo. Shadrack akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Dada Leo, kesho darasa lako atalishika yule mwalimu mpya, Mkanada. Ni lisaa limoja tu."

"Kwa nini?"

"Si unawajua clients wetu? Wanalipia kuona mzungu anafundisha. Siyo mimi, dada. Ni soko."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

Shadrack akatabasamu kama anayetoa zawadi. "Ile chai yako ya tangawizi, na maandazi! Ukiwapikia wageni, ukawaletea pale pale class, itapendeza sana. Please, dada, just this once."

Mwalimu mzima, darasa lake mwenyewe, aingie na sinia! Damu ilimchemka Leokadia mpaka masikio yakavuma. Matusi ya Kihaya yalimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini alitulia kama maji ya mtungini.

"Sawa, mdogo wangu," alisema. "Nitaleta."

Shadrack akashusha pumzi. Mjinga yule! Angemjua vizuri, angetoka ofisini mbio.

Kwenye treni Leokadia alipanga kisasi. Aliwaza kutia chumvi kwenye chai, akaona huo ni utoto. Aliwaza kumshitaki kwa padri, akaona atapewa sala tatu na kusamehewa, na msamaha ndio hasa asioutaka. Kisha akakumbuka jambo ambalo Shadrack hakulijua, kwa kuwa hakuwahi kukanyaga darasani kwake. Kila alipoingia, wanafunzi wote walisimama. Wajapani walizoea hivyo mashuleni kwao, na Bukoba ni hivyo hivyo. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Yeye aliongeza shikamoo tu, na hawakukaa mpaka aitikie. Alicheka peke yake mpaka mama aliyekaa jirani akausogeza mkoba wake.

Asubuhi alipika chai ile kwa moyo wake wote, akavaa gauni la Pasaka.

Mkanada mpya hakuwa mtu mbaya, lakini siku hiyo jasho lilimtoka ubaoni. Aliuliza swali, kimya. Akauliza lingine, kimya. Wageni watatu walikaa nyuma, wakiongozwa na Bi Morishita, mama mwenye mvi na macho makali. Shadrack alisimama mlangoni na tai mpya. Alipoona mambo yanaharibika, akaashiria chai iletwe.

Leokadia akaingia na sinia. Viti vikakwaruza sakafu. Darasa zima likasimama na kuinama.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Hakuitikia. Kisasi chake kilikuwa hapo, na hakuwa na haraka nacho. Alimtazama Shadrack mpaka Shadrack akaanza kuichezea tai. Wageni nao wakainuka. Wangekaaje, na darasa zima limemsimamia mwalimu? Bi Morishita akamuuliza Noriko jambo kwa Kijapani. Noriko akajibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya sokoni, ili kila mtu asikie.

"Huyu ndiye mwalimu wetu. Yule bwana hatumjui."

Leokadia akamgeukia Shadrack, akamtia sinia mikononi. "Nishikie, mdogo wangu."

Alipokee asipokee? Akapokea.

"Marahaba," Leokadia akasema, na wote wakakaa. Akachukua chaki, akaanza kufundisha. Mkanada akajitafutia kiti katikati ya wanafunzi, akatoa kalamu. Shadrack alizungusha macho akitafuta pa kutua sinia, lakini meza zote zilijaa vitabu, na mvuke ulikuwa ukimpanda kwenye miwani.

Mara Bi Morishita akanyoosha mkono. Uso wa Shadrack ukachangamka. Alidhani anaitwa kwa mazungumzo. Akamsogelea. Mama yule, macho yote kwa Leokadia, akapapasa kikombe kwenye sinia, akakichukua na kushukuru bila kutazama ni nani aliyelibeba.

"Na wale wengine, mdogo wangu," Leokadia akasema kwa Kiswahili, bila kugeuka kutoka ubaoni. "Usiwaruke."