Mama Rula na Mafungu ya Sangara

Dorotea Kashindye aliitwa Mama Rula kwa sababu ya mstari. Mwaka 1996, katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara ufukoni mwa Mwanza, kompyuta yake ilichora chati ya uzito wa minofu, na mstari wa chati hiyo ulinyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Wafanyakazi walikuja kuutazama wakati wa chai, kama watu wanavyokwenda kumwona mtoto mchanga. Meneja, Bwana Luhaga, aliuchapisha na kuutundika ofisini mahali pa kalenda.

Kabla ya hapo Dorotea alikuwa karani wa pamba. Chama cha ushirika kilipofilisika, alijifunza kompyuta huko Nyegezi, kisha akaajiriwa kiwandani. Kila saa aliletewa fungu la minofu mitano kutoka chumba cha kukatia, akaipima mmoja mmoja na kuingiza uzito kwenye programu ya takwimu. Programu ilikokotoa wastani wa fungu, na tofauti kati ya mnofu mzito na mwepesi. Diski ilikuwa ndogo, hivyo uzito wa kila mnofu ulifutwa, ukahifadhiwa muhtasari tu. Bwana Luhaga akaamuru hata ile tofauti isihifadhiwe.

"Inanipandisha presha," alisema. "Hifadhi wastani."

Ndipo akaja Bwana Odeta, mkaguzi aliyetumwa na wanunuzi. Aliutazama mstari, akavua miwani.

"Mama, samaki hawa mnawashonea sare?"

"Wanatoka ziwani, Bwana Mkaguzi."

"Hakuna ziwa lenye nidhamu hii. Namba hizi umezitunga. Nionyeshe tofauti ndani ya mafungu."

Hazikuwepo. Odeta alisema kwamba asipopata maelezo kabla ya jioni, ataandika kuwa takwimu zimeghushiwa. Luhaga, aliyeusifu mstari huo asubuhi ileile, akasema kwamba yeye hamfahamu sana mama huyu. Dorotea alielewa hali yake: anayefukuzwa kiwanda kimoja kwa kughushi hapokelewi na kingine.

Fungu jipya likaletwa. Alilipima mbele yao. Wastani uleule. Odeta akalipima mwenyewe. Uleule. Akaiweka miwani yake kwenye mizani, aone kama mizani ni nzima. Luhaga alianza kusali kwa sauti ya chini.

Hapo Dorotea aliacha kutazama namba, akaitazama minofu yenyewe. Mmoja ulikuwa mpana kama soli ya kiatu, mwingine mwembamba kama kiganja cha mtoto. Akaelekea chumba cha kukatia, wale wanaume wawili wakimfuata.

Walimkuta Aoko, msimamizi wa wakataji, ameinamia meza. Aliondoa mnofu mkubwa, akaongeza mdogo, akarudi nyuma hatua moja na kuinamisha kichwa.

"Aoko, unafanya nini?"

"Napanga fungu, mama. Si ulisema kila saa nikuletee?"

"Nilisema uchukue minofu mitano tu."

"Sasa nikuletee mikubwa mitupu, halafu midogo mitupu? Si utanuna! Nimeuza samaki soko la Kirumba miaka mingi kabla ya kuja hapa, na hakuna mteja aliyesema fungu langu limepunjwa."

Odeta aliomba kiti.

Dorotea alichukua minofu mitano jinsi ilivyotoka kisuni, bila kuchagua. Aoko aligeuza uso kwa aibu. Mchana kutwa wakaendelea hivyo mbele ya mkaguzi, na mstari ukarukaruka kama mbuzi aliyekata kamba.

"Umekiua kiwanda!" Luhaga alilia.

"Hapana," alisema Odeta, akicheka kwa mara ya kwanza. "Sasa kinaumwa kama viwanda vingine. Hiki naweza kukitilia saini." Akaandika kwamba kosa lilikuwa katika uchaguzi wa minofu, si kwa mtunza takwimu, na kwamba tofauti ihifadhiwe pia.

"Mstari wenyewe mbaya hivyo," Aoko alinung'unika, "na wageni watauona."

Dorotea aliingiza fungu la mwisho, akahifadhi wastani, akahifadhi na tofauti. Alisubiri taa ya diski izimike, kisha akaifunika kompyuta kwa kitambaa chake cha kufuma, akavuta pembe zake nne zikakaa sawa.